Siku moja maishani mwangu: cherehani, Dionea na bidoni ya maji

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kabla ya kugusa cherehani natoka barazani kukagua sinia. Vyungu vyangu vimesimama ndani ya sinia za plastiki, na ndani yake lazima yawepo maji ya kina cha sentimita moja au mbili. Tuko mwezi wa kumi, Lubumbashi inachemka, mvua tuliiaga mwezi wa nne, na pipa nililokinga chini ya mabati limebaki na matope mekundu tu.

Nafuga mimea inayokula wadudu. Wengi wanaosikia hivyo hudhani kazi kubwa ni kutafuta nzi. Hapa mtaani kwetu Katuba nzi wanakuja wenyewe! Kazi ni maji. Mimea hii asili yake ni kwenye ardhi chepechepe yenye tindikali, isiyo na rutuba, na ndiyo maana ikajifunza kuwinda: naitrojeni ambayo udongo unaikosa inaipata kwa mdudu. Mizizi yake haivumilii madini. Maji ya bomba na ya kisima yana chokaa, angalia tu utando mweupe ndani ya birika la chai. Ukiyamwaga kwenye chungu, mmea haufi siku hiyo. Unanyong'onyea polepole, na wewe utalaumu jua. Kuchemsha hakutoshi: chokaa kiasi inabaki kwenye birika, lakini mvuke unaondoka na chumvi nyingine inabaki ndani ya maji.

Saa moja unga wa uji, watoto shuleni, makala (makaa) kwenye pasi.

Saa mbili nabeba bidoni hadi famasi ya njia panda. Kiyoyozi chao kina bomba dogo nyuma ya ukuta, linadondosha maji mchana kutwa. Yale ni maji ya hewani yaliyopoa kuwa matone, hayana chokaa. Mwenye famasi alishangaa mwanzoni, sasa yeye mwenyewe anapanga bidoni yangu chini ya bomba na kunidai vifungo vya bure. Umeme ukikatika, kiyoyozi kinanyamaza na bidoni inarudi tupu. Kwa hiyo mimi nalia na umeme mara mbili: kwa ajili ya taa na kwa ajili ya sinia.

Saa nne wateja wamejaa. Kuna sare za kwaya za kitenge, kola ishirini zilezile, siwezi kuinua kichwa. Kijana wa mteja mmoja ameshaona Dionea, ule mmea wenye majani kama taya, na kidole kiko njiani.

“Tantini, nikigusa itaniuma?”

“Haikuumi. Ila unaichosha.”

Namweleza huku mguu uko kwenye pedali. Ndani ya kila taya kuna vinywele vichache, kwa kawaida vitatu kila upande. Kikiguswa kimoja mara moja, hakuna kitu. Labda ni tone la mvua. Kikiguswa tena kabla ya sekunde kama ishirini kwisha, taya linajifunga kufumba na kufumbua. Mdudu akiendelea kufurukuta linabana zaidi na kuanza kummeng'enya, kazi ya wiki nzima hivi. Lakini kila taya lina idadi ndogo ya kufunga, baada ya hapo linakuwa jeusi na kufa. Kwa hiyo mtoto mwenye kidole ni adui kuliko kiwavi. Na tafadhali, nyama ya mchuzi au kipande cha samaki usitie: inaoza na jani linaoza nayo.

Saa saba bukari (ugali) na sombe (kisamvu), dakika chache za kukaa chini.

Mchana vumbi jekundu la barabara linatua kila mahali. Dionea haijali sana, ila Drosera, mmea wangu mwingine unaokula wadudu, ndiyo inayoteseka, maana majani yake yana nywele zenye matone ya gundi, na vumbi likinasa linaziba gundi. Navuta pazia la turubai upande wa barabara, jua linabaki likiingia kutoka juu. Jua lazima liwepo, bila jua gundi haitoki.

Saa tisa anakuja Papa mmoja, mzee, kuchukua suruali. Anainama kwenye Drosera, anacheka. “Hii si majani ya dembo, kule bondeni kwenye majimaji? Utotoni tulikuwa tunayakanyaga.” Ana haki. Hii ya kwangu ni ya Cape, kule Afrika Kusini, Drosera capensis, iliota kutokana na mbegu ndogo kama unga wa tumbaku, lakini hapa Katanga tuna za kwetu, na moja imepewa hata jina la hapa: Drosera katangensis. Sijachimba yoyote kutoka porini wala sitachimba. Dembo zenyewe zinapungua.

Hapa lazima niisifu Lubumbashi kidogo. Dionea ni ya Carolina, kule Marekani, karibu na mji wa Wilmington, na inahitaji miezi ya baridi ili ilale. Binamu yangu wa Kinshasa angeihangaikia bure, kule hakuna baridi. Sisi Juni na Julai usiku unashuka chini ya nyuzi 10, mmea unapunguza majani, unakaa mdogo chini chini, halafu Septemba unaamka. Msimu wake umegeuka tu, kipupwe chake sasa ni kiangazi chetu.

Saa kumi na moja jioni natoa majani meusi kwa mkasi wa kukatia uzi, kisha namwaga maji ya famasi kwenye sinia, si juu ya majani.

Saa mbili usiku umeme umerudi, kola zimebaki tano. Wingu limeanza kujikusanya upande wa Kasumbalesa. Ikinyesha usiku, mvua ya kwanza siikingi. Inaosha vumbi la miezi mitano juu ya mabati. Naanza kukinga ya pili. Kesho Jumamosi famasi inafunga mapema, bidoni niipeleke kabla ya saa moja.