Siku Moja ya Fundi wa Maabara, Mombasa

Saa 11 alfajiri niko macho. Chai, mahamri mawili ya jana, matatu mpaka Likoni, feri, na saa 1 kasorobo nafungua mlango wa maabara ya shule. Watu wakiniuliza kazi yangu, husema, "Ah, wewe ndiye unayeosha chupa za wanafunzi." Ni kweli ninaosha. Leo nimeosha mirija 80, nikapima asidi ya Kidato cha Nne na kubandika lebo. Hayo yalikwisha saa 3.

Saa 3:20 mwalimu wa kemia alichungulia dirishani. "Fundi, saa 5 nina Kidato cha Tatu. Nataka waone maji yakipinda."

Ukilisoma kitabuni, jaribio hilo ni jepesi. Unasugua fimbo ya plastiki kwa kitambaa cha sufu, unaisogeza karibu na maji membamba yanayotoka kwenye bureti, ule mrija mrefu wa kioo wenye koki chini, maji yanavutwa. Lakini huu ni Aprili na mvua ilinyesha usiku kucha. Hewa ya pwani huacha utando wa unyevu juu ya fimbo, na chaji yote unayoisugua inatorokea humo. Nilisugua mpaka bega likauma. Vipande vya karatasi mezani havikutikisika. Nikaziweka fimbo kwenye oveni kwa moto mdogo. Umeme ukakatika. Jua lenyewe lilikuwa limefichwa na mawingu. Mwishowe nikachukua kloridi ya kalisi kavu, ile inayonyonya maji hewani, nikaimimina kwenye kibakuli, nikakifungia pamoja na fimbo na kitambaa ndani ya debe la maziwa ya unga. Nikakaa nalo kama mtu anayesubiri mkate uive.

Saa 4:40 nikalifungua. Sikuzigusa fimbo kwa vidole, kwani jasho lina maji na chumvi; nilizishika kwa karatasi. Nikasugua mara kumi hivi. Vile vipande vikaruka na kunasa.

Darasani maji yalipinda na wanafunzi wakasimama juu ya viti. Kisha nikafungua madirisha, nikahakikisha hakuna moto popote, na tukajaza bureti ya pili heksani, kimiminika kinachowaka upesi na ambacho molekuli zake hazina upande hasi wala chanya. Ikashuka wima, kama haikuiona fimbo. Mwalimu akaeleza kuwa kwenye molekuli ya maji oksijeni huvuta elektroni upande wake, hivyo upande mmoja huwa hasi kidogo na ule wa hidrojeni chanya kidogo. Hapo niliomba kuongeza neno, na aliniruhusu: sehemu kubwa ya mpindo ule hutokana na chaji ambayo fimbo huizua ndani ya mkondo wenyewe, kwa kuwa maji ya mfereji yana ayoni, yaani chembe zenye chaji. Vitabu vingi vya shule havisemi hivyo, na sipendi mtoto aondoke na nusu ya habari.

Msichana mmoja wa nyuma akauliza, "Mbona kaboni dioksidi ina oksijeni mbili na haina momenti ya dipoli?" Yaani, mbona molekuli yake kwa jumla haina upande hasi na upande chanya kama maji?

Nilitoa kamba, nikafunga leso katikati. Wavulana wawili wakavuta kuelekea pande mbili zinazopingana kwa nguvu sawa: leso haikusogea. "Hiyo ni kaboni dioksidi. Sifuri." Nikawasogeza mpaka kamba ikapinda kwa pembe ya nyuzi 104.5, wakavuta tena. Leso ikaenda. "Na haya ni maji: debai 1.85." Debai, kipimo cha momenti ya dipoli, kina jina la Peter Debye, Mholanzi aliyepata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1936. Yule msichana alichora mishale miwili daftarini, akafuta, akachora tena, safari hii kwa pembe.

Chakula cha mchana nilikula nimesimama. Baada ya hapo sikumbuki saa vizuri: vikundi viwili vya titresheni, yaani kupima asidi tone kwa tone, bureti moja iliyovunjika, sakafu ya kupigwa deki. Miguu ilikuwa imevimba nilipofunga kabati. Zile fimbo nimezirudisha ndani ya debe. Nikishuka feri nitapitia sokoni. Kesho biolojia wanataka vitunguu 20.