Mpunga wa nchi kavu Pwani: majina mengi, damu ngapi?

Mkulima wa Lunga Lunga, huko Kwale mpakani na Tanzania, akikwambia mpunga wake ni Supa, usiandike jina ukaondoka. Supa iko kote Tanzania na imevuka mpaka, na kila aliyeipanda ameichagua apendavyo: huyu anataka punje ndefu, yule anataka ya kuwahi. Madevu ndiyo inayodanganya zaidi, kwa sababu mpunga wowote wenye ndevu ndefu unaweza kupachikwa jina hilo kijiji cha pili. Anayechanganya mbegu kwa kufuata majina anaweza kuozesha ndugu kwa ndugu, kisha apoteze misimu akitafuta tofauti kwa watoto wasiotofautiana.

Na si mbegu za kienyeji tu. Mbegu za NERICA ("mpunga mpya wa Afrika") namba 1, 4, 10 na 11, zilizoidhinishwa hapa Kenya, zote zina wazazi wale wale wawili: WAB56-104, mpunga wa Asia wa nchi kavu, na CG14, mpunga wa Afrika, Oryza glaberrima. Baada ya chotara wa kwanza, watoto walirudishwa mara mbili kwa WAB56-104 ili wapate rutuba ya kuzaa, kwa hiyo damu ya CG14 iliyobaki ni kidogo. Mwanafunzi akiniambia atavusha, yaani atazalishanisha, NERICA 1 na NERICA 4 apate "utofauti mpana", namuuliza utatoka wapi.

Kazi ya kukusanya mbegu na kuchagua wazazi inaanzia shambani. Chuma masuke 40 hivi kwa kila shamba, suke moja kwa shina moja, ukienda kwa kupindapinda. Usichume yale mazuri. Hapo utakuwa umeshachagua, na ulichokuja kutafuta kinaweza kuwa kwenye shina bovu la pembeni. Tenga masuke 20, kila moja na bahasha yake, mengine pura pamoja. Andika mwezi wa kupanda, udongo, kama maji husimama au hukauka, na mbegu ilitoka wapi. Hili la mwisho waulize kina mama, maana mara nyingi ndio wanaochagua mbegu ya mwakani. Mbegu iliyogawiwa kwa msaada miaka mitatu iliyopita si ya asili ya pale, hata kama tayari imepewa jina la Kidigo.

Kisha unyevu, adui wetu mkubwa huku. Kwa hewa ya Mombasa, mpunga ulioachwa kwenye gunia hutulia karibu na asilimia 14. Kwa kukoboa ni sawa. Kwa kuhifadhi mbegu ni kifo cha polepole. Tia kwenye chupa inayofunga kabisa pamoja na silika jeli ya uzito sawa na mbegu, wiki mbili au tatu, hadi ufike asilimia 6 au 7. Kila asilimia moja ya unyevu unayoipunguza hukaribia kuongeza maisha ya mbegu maradufu, na vivyo hivyo kila nyuzi 5 za joto. Baada ya kukauka, si kabla, weka kwenye friza siku chache kuua fukusi na mayai ya nondo. Na ukitoa chupa kwenye baridi, usiifungue mpaka ipate joto la chumba, la sivyo mbegu hunywa umande wa hewa yetu papo hapo. Nakala moja ipelekwe benki ya mbegu ya taifa, Muguga.

Vinasaba sasa. Chukua jani changa la mche wa siku 14 hadi 21, mche mmoja kwa kirija kimoja, miche 8 kwa kila mbegu. Wengi husaga majani ya miche kumi pamoja ili kubana gharama, halafu wanaona aleli mbili (namna mbili za jeni moja) kila mahali wakaripoti machotara. Mpunga hujichavusha wenyewe, chavua ya nje kwa kawaida haifiki asilimia 1. Aleli mbili katika sehemu nyingi za mche mmoja ni habari ya kufuatilia. Katika majani ya miche kumi ni mchanganyiko wa gunia tu.

Kama pesa ni chache, alama 24 za SSR (vipande vifupi vya DNA vinavyojirudia), mbili kwa kila kromosomu kati ya 12, zinatosha kutenganisha mbegu. Pesa zikipatikana, tuma sampuli zichambuliwe kwa DArTseq, mbinu ya kusoma vinasaba kwa wingi, huko ILRI, taasisi ya utafiti wa mifugo Nairobi, upate maelfu ya alama kwa mpigo. Weka mche uleule mara mbili kwa majina tofauti: kiasi wanachotofautiana hao wawili ndicho kosa la maabara, na mbegu mbili zisizozidi hapo zihesabu kuwa moja. Weka pia za kulinganishia, kutoka koo kuu za mpunga wa Asia: IR64 ya indika, Moroberekan ya japonika ya kitropiki, N22 ya ukoo wa ausi, Basmati 370. CG14 ichambue kando. Ukiitia na wengine kwenye mchoro mmoja unaopanga mbegu kwa ukaribu wa vinasaba, mhimili wa kwanza utakuwa Afrika dhidi ya Asia, na mbegu zote za Kwale na Tana zitajikunja kuwa nukta moja.

Kuna mazoea mengine yanayoniudhi: kutupa kila aleli iliyo chini ya asilimia 5 kwa sababu programu inapendekeza hivyo. Kwa kuchora koo, tupa. Kwa kuchagua wazazi, orodha ya aleli adimu ndiyo uliyopandia matatu kwenda kuitafuta.

Katika kuchagua wazazi, umbali wa vinasaba hautoshi peke yake. Indika na japonika zikivushwa, chotara mara nyingi huwa na makapi mengi. Ndiyo maana mbegu kama Dular, inayoafikiana na pande zote mbili, hutumiwa kama daraja. Na jeni la maana linaweza kuwa kwenye mbegu isiyovutia macho. Jeni DRO1, inayoelekeza mizizi chini, ilitoka kwa Kinandang Patong, mpunga wa nchi kavu wa Ufilipino. PSTOL1, inayosaidia mche kupata fosforasi, ilitoka kwa mpunga uitwao Kasalath. Kwa mchanga wetu wa Pwani hizo ndizo sifa za kuanza nazo.

Kupima mizizi hakuhitaji mashine. Nunua vichujio vidogo vya plastiki sokoni Kongowea, jaza udongo, zika, panda mbegu moja katikati, na baada ya wiki tano au sita ng'oa uhesabu. Mizizi iliyotokea chini, zaidi ya nyuzi 50 kutoka usawa wa ardhi, igawe kwa mizizi yote. Vichujio viwe vya umbo moja na udongo ushindiliwe sawa, la sivyo unapima mkono wako.

Shambani, mbegu 56 zigawe bloku 7 (vipande vya shamba vyenye udongo unaofanana), nane nane, na kila bloku iongezwe zilezile 3 za kulinganishia: vitalu 77. Digrii huru za kosa, zinazoonyesha makadirio ya kosa yanaaminika kiasi gani, ni (7 − 1) × (3 − 1), yaani 12. Ukitumia bloku 4 unabaki na 6, na tofauti unazoziona huenda ni za rutuba tu. Kitalu cha mistari miwili ya mita 3, mashimo kila sentimita 20, punje 4 kwa shimo, kinakula punje 120 hivi, gramu 3 au 4. Zinazowahi kuchanua huliwa na ndege kwanza, kwa hiyo funika kwa wavu shamba zima au usipime mavuno kabisa.

Kuvusha: panda wazazi kwa awamu tatu, siku 10 kati ya moja na nyingine, ili maua yakutane. Saa kumi alasiri kata theluthi ya juu ya kila ua la mama, toa vifuko vyote sita vya chavua, funika suke kwa mfuko wa karatasi. Kesho yake, kama saa nne asubuhi, tikisa suke la baba juu yake. Mbegu ziko tayari baada ya siku 25 hadi 30, zikiwa uchi juu pale ulipokata. Kifuko kimoja kilichosahaulika kinatosha kumfanya mama ajizae mwenyewe, kwa hiyo kila mche wa F1, kizazi cha kwanza cha chotara, upimwe kwa alama mbili tatu ambazo wazazi wanatofautiana, kabla hujaupa nafasi shambani.