Premio: nipeli iliyokuwa imeangalia chini

Pedali ya breki ni ngumu. Iko juu, pale pale panapotakiwa, na hata uikanyage kwa nguvu zako zote haizami. Wale mliokuwa mkinitania kwamba gari nitaliuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, mtasubiri sana.

Kwa asiyelijua: ni Premio ya 2003, disiki mbele, dramu nyuma. Nakaa Mbale na shughuli zangu nyingi ziko Kapchorwa. Aliyewahi kuteremka kutoka Sipi buti ikiwa imejaa viazi ataelewa kwa nini suala la breki siliahirishi. Kwenye mteremko ule disiki zinapata moto, moto unaingia kwenye kalipa, ile inayobana pedi kwenye disiki, na kama mafuta ya breki yameshanyonya maji, yanachemka humo humo ndani. Mvuke unabonyea, mafuta hayabonyei, basi mguu unazama na gari halina habari na wewe. DOT 3, daraja mojawapo la mafuta hayo, ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango kinachotakiwa ni 140 tu. DOT 4 ni 230 na 155. Nimeweka DOT 4, chupa yenye lakiri ambayo haijafunguliwa, kwa sababu chupa iliyokaa wazi dukani imeshakunywa unyevu wa hewa kabla hujailipia.

Kazi ilikuwa kubadilisha mafuta na kutoa hewa, gurudumu moja moja. Nyuma hakuna cha kusimulia. Kushoto, kisha kulia, nipeli, yaani skrubu za kutolea mafuta na hewa, zikafunguka bila ugomvi, mafuta ya zamani yakatoka na rangi ya strungi hadi yakaja meupe. Mbele kushoto nako hivyo hivyo. Kazi yote ilikuwa imebaki mbele kulia, gurudumu lililo karibu kabisa na masta silinda (pampu inayosukumwa na pedali), ambalo kwa kawaida unalimaliza huku mawazo yako yapo kwenye chakula.

Likanigomea.

Tangu gereji moja inifungie kalipa ya yuzidi upande huo, pedali ilikuwa na kaulaini fulani. Ukiipampu haraka haraka inapanda na kuwa ngumu, ukiiacha kidogo inarudi kuwa laini. Hiyo ni dalili ya hewa, hakuna ubishi. Basi nikatoa hewa. Nikatoa tena. Mafuta mapya yakapita upande ule hadi nikawa namwaga mafuta safi kwenye chupa ya uchafu, jambo linalouma ukikumbuka bei yake. Ukitazama mpira hakuna povu, ukikanyaga pedali ni laini vile vile.

Hapo nikachukua pampu ya kuvuta, ile ya mkono yenye saa ya mgandamizo, ili niivute hiyo hewa kwa nguvu. Mapovu yakaja! Madogo madogo, yamepangana, hayakatiki. Nikafurahi, nikavuta, nikaongeza mafuta, nikavuta. Hayakuisha. Yangeendelea hadi leo, maana hayakuwa yanatoka ndani ya kalipa hata kidogo. Ukilegeza nipeli na kuvuta, hewa ya nje inapenya kwenye nyuzi za nipeli yenyewe na kuingia kwenye mpira. Ukipaka grisi kuzunguka nyuzi, mapovu yanakatika. Nilipaka, yakakatika, pedali ikabaki laini. Maoni yangu kuhusu pampu hizo ni haya: kwa kunyonya mafuta machafu kwenye kikopo cha juu cha mafuta ya breki ni nzuri mno, ila kwa kukuambia kama hewa imeisha ni mwongo mkubwa. Sirinji ya duka la dawa inafanya kazi ile ile na haikupi matumaini ya uongo.

Nikarudi kwenye njia ya watu wawili. Mpwa wangu kwenye pedali, mimi chini, mpira wa dripu kutoka kwenye nipeli hadi ndani ya chupa yenye mafuta kidogo. Chini ya pedali tuliweka kipande cha ubao isifike sakafuni, kwani masta silinda ya umri huu ina kutu mahali ambapo raba zake hazijafika miaka mingi, na ukizisukuma hadi huko unazichana.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga, mjomba."

"Hujakanyaga, mafuta hayajasogea."

"Sasa ndiyo nimekanyaga."

"Shikilia. Usiachie mpaka niseme."

Kijana ana tabia ya kuitika kabla mguu haujafika, lakini baada ya muda tukaelewana. Mafuta safi, hakuna povu, pedali laini.

Kilichonifungua macho ni vibano vya paipu. Unabana paipu ya raba ya gurudumu moja, unakanyaga. Kama ulaini umebaki, tatizo liko kwingine. Tumia vibano vya plastiki vyenye midomo ya mviringo. Ukibana kwa vaisigripu tupu unapasua utando wa ndani wa paipu na kujitafutia shida nyingine. Nikabana nyuma, bado. Mbele kushoto, bado. Mbele kulia, pedali ikasimama papo hapo. Kwa hiyo masta silinda ni nzima, dramu ni nzima, na hewa yote imekaa ndani ya kalipa moja ambayo nimeshaipitishia mafuta ya kutosha kuoshea gari. Inawezekanaje?

Nikalala chini na tochi nikaanza kulinganisha pande mbili. Kushoto: paipu inaingia kwenye kalipa imenyooka, nipeli iko juu. Kulia: paipu imejikunja isivyo kawaida, na nipeli iko chini, imeangalia ardhi.

Walinifungia kalipa ya kushoto upande wa kulia. Inaingia, boliti zinakubali, pedi zinakaa, breki zinakamata. Lakini hewa hupanda juu, na tundu la kuitolea limewekwa chini. Unaweza kupitisha mafuta mwaka mzima, yatapita chini na kutoka, na hewa itabaki imetulia juu ya pistoni. Nilikaa pale chini nikacheka peke yangu, halafu nikasema maneno ambayo mpwa wangu hakupaswa kuyasikia. Mtu amelipwa pesa kamili kwa kazi ile!

Suluhisho la muda ndilo ninalojivunia. Paipu nikaiacha imefungwa. Nikatoa boliti mbili za pini, nikainyanyua kalipa kutoka kwenye disiki, nikachomoa pedi, nikachonga kipande cha mbao ngumu chenye unene wa disiki na pedi zake mbili, nikakipachika ndani mbele ya pistoni. Bila ubao huo, mkanyago mmoja tu na pistoni inaruka nje. Kisha nikaigeuza kalipa mkononi hadi nipeli ikaangalia juu, nikaigongagonga kwa mpini wa nyundo.

"Kanyaga. Polepole."

Nikalegeza nipeli robo mzunguko. Ndani ya mpira likapita pengo la hewa lenye urefu wa kidole, lisilo na hata tone, likifuatwa na mafuta yenye povu, halafu mengine mafupi mafupi, halafu mafuta matupu. Nikafunga. Kutoka ndani ya gari nikasikia, "Mjomba, imegoma kushuka!"

Nimelijaribu kwanza uani, kisha barabara ya mtaani, mwendo wa polepole. Kuteremka kutoka Sipi kutasubiri kalipa ya kulia, maana paipu iliyojikunja vile sitaki kuiamini kwenye kona zile. Kalipa nimeshaagiza Kisekka, soko la vipuri la Kampala, na anayeninunulia nimemwambia anitumie picha akiwa ameishika kama itakavyokaa garini, nipeli ikionekana, kabla hajatoa pesa.

Mpango ulikuwa kumalizia na kebo ya hendibreki wikiendi hii. Kebo bado iko kwenye mfuko wake, kwa sababu nimepita duka la pembejeo nikaona bomba la mkono la kupulizia dawa, la lita tano, na akili ikahama. Ukitoboa kifuniko cha ziada cha kikopo cha mafuta ya breki na kukiunganisha na bomba hilo, unaweza kusukuma kutoka juu bila mtu wa pedali. Sitatia mafuta ndani ya bomba, nitatia hewa tu, kwani raba za mabomba haya hazikutengenezwa kwa mafuta ya breki na nyingi zitavimba. Hasara yake ni kwamba lazima usimamishe kazi na kujaza kikopo kila mara kabla hakijafika alama ya chini. Bomba liwe jipya pia, lisilowahi kuonja dawa ya mahindi. Mgandamizo hauhitaji kuzidi psi 15, la sivyo kifuniko kinaruka na mafuta yanakula rangi ya boneti. Ndoo ya maji iwe karibu, mafuta haya yanatoka kwa maji ukiwahi.

Kifuniko nimepata, nimeshakitoboa. Sasa natafuta raba ya kuziba mdomo wake, na za maduka ya mabomba ya maji hazifai, nimezijaribu zinavuja. Mwenye Premio au Corolla ya miaka hiyo aliyefanikiwa kuziba, aniambie alitumia nini.