Choo cha majivu kilivyoacha kunuka gengeni

Genge letu la ndizi hapa Pasua, Moshi, halikuwa na choo. Kina mama walikuwa wanabana mpaka jioni. Maji ya bomba hayaaminiki, tukajenga choo kikavu: mkojo unaingia mbele kwenda kwenye dumu, kinyesi nyuma kwenye chemba, juu yake majivu.

Wiki ya tatu kikanuka hadi wauzaji wakahama kona. Nikaongeza majivu, wapi! Nilipofungua chemba kwa nyuma nikakuta uji. Kumbe watu wanachamba kwa maji, na yote yanaishia humo. Tuliiga mchoro wa watu wanaojipangusa kwa karatasi!

Fundi akaweka sehemu ya tatu pembeni, ya kuchambia tu, bomba lake likaelekea kwenye kokoto karibu na migomba. Nikaweka ndoo ya majivu yaliyochekechwa (mama lishe ananipa bure) na kopo. Ukimaliza, mwaga makopo mawili ya majivu. Siku nne, harufu kwisha.

Chemba ikijaa tunaifunga zaidi ya mwaka, tunatumia ya pili. Mkojo nachanganya na maji, dumu moja kwa matano, namwagia migomba. Kopo ndilo linalonisumbua: wameshaiba matatu.