Mwili Ninaourudisha Nyumbani: Mbio Ndefu na Malezi ya Watoto Watatu

Mkazi wa Moshi hahitaji kuelezwa marathoni ni nini. Tangu mwaka 2003, Februari inapoelekea mwisho au Machi inapoanza, mji wetu hujaa washiriki wa Kilimanjaro Marathon, na watu hutoka malangoni kuwatazama wageni na majirani zao wakipita. Nilianza kukimbia nikiwa mwalimu kijana asiye na mtoto. Leo nina watoto watatu, kifungua mimba akiwa darasa la tano na kitinda mimba akiwa ameachishwa ziwa hivi karibuni, na bado nashiriki nusu marathoni, yaani kilomita 21.1, kila mwaka ambao afya na uzazi vimeniruhusu.

Swali ninaloulizwa mara nyingi na akina mama wenzangu ni muda ninaupata wapi. Naliheshimu swali hilo, lakini naona linagusa sehemu ndogo tu ya jambo lenyewe. Mama akitoka alfajiri watoto wangali wamelala, akarudi kabla hawajaamka, hakuna aliyenyimwa kitu. Kinachoigharimu familia ni saa zinazofuata: mama aliyerudi miguu ikimuuma, asiyeweza kuinama kufua, anayewajibu watoto kwa ukali kwa sababu ana njaa na usingizi, na anayelala mchana kutwa siku ya Jumamosi wakati mtoto wa pili anasubiri kusikilizwa akisoma. Kwa hiyo tangu nilipopata mtoto wa kwanza nimekuwa nikipanga mazoezi kuanzia mwisho wake, kwa kujiuliza nitarudi na mwili wa namna gani, na mwili huo unasubiriwa na kazi gani siku hiyo.

Hapa ndipo tunapotofautiana, sisi tunaokimbia kwa kupenda na wale wanaoishi kwa riadha. Alphonce Simbu alipotwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo mwezi Septemba 2025, kwa muda wa saa 2:09:48, akawa Mtanzania wa kwanza kupata dhahabu katika mashindano ya dunia ya riadha, na furaha yangu siku ile sina namna ya kuieleza. Lakini mkimbiaji wa kiwango chake akitoka mazoezini hula na kupumzika, kwa kuwa mapumziko ni sehemu ya kazi yake. Mimi nikitoka mazoezini naingia jikoni, kisha nasimama mbele ya wanafunzi hadi alasiri. Faith Kipyegon wa Kenya alijifungua mwaka 2018, akarudi na kushinda dhahabu za Olimpiki za mita 1,500 Tokyo na tena Paris. Ananipa moyo sana ninapofikiria mwili wa mwanamke unaweza nini baada ya kuzaa, ila ratiba yake siwezi kuiiga. Ndiyo maana sijafuata zile programu zinazosambazwa kwenye makundi ya simu, zenye kukimbia siku tano au sita kwa wiki.

Nakimbia siku tatu. Jumanne napanda taratibu njia ya kuelekea Uru, na wakati wa kushuka natembea penye mteremko mkali, kwa sababu mteremko ndio unaoumiza mapaja, na maumivu yake huja kesho yake na kukaa. Watu wengi huogopa mlima wanaoupanda na kudharau ule wanaoushuka. Alhamisi nakimbia tambarare, kwa mwendo unaoniruhusu kuzungumza bila kuhema. Jumamosi ndiyo siku ya safari ndefu, yaani kukimbia umbali mkubwa kuliko siku nyingine za wiki, nayo ndiyo iliyohitaji makubaliano ya nyumba nzima.

Kabla sijafika huko, yafaa nieleze habari ya uzazi, kwa maana hapo ndipo mama anayekimbia hupata ushauri mwingi kuliko anavyoweza kuubeba. Kwetu Uchagani mzazi hukaa ndani karibu miezi mitatu, akilishwa mtori na supu, akikandwa, akifanyiwa kazi zote. Zamani nilidhani desturi hii ni ya kumdekeza mama. Nilipojifungua mara ya kwanza nilielewa kwamba wazee wetu walikuwa wanahifadhi kitu halisi. Wataalamu wa mazoezi ya viungo nao hushauri mwanamke asirudi kukimbia kabla ya takribani wiki kumi na mbili, kwa sababu misuli ya chini ya nyonga, ile inayobeba kibofu na mji wa mimba, imenyooshwa mno na inahitaji muda wa kujikaza upya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatupa siku 84 za likizo ya uzazi, na siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja, hivyo desturi, tiba na sheria vilikutana karibu mahali pamoja, nami nikavitii vyote vitatu.

Katika kipindi hicho sikukaa bure. Nilifanya mazoezi ya kubana na kuachia misuli hiyo nikiwa nimelala au nikinyonyesha, kisha nikaanza kutembea uani, baadaye hadi kanisani, baadaye hadi sokoni na kurudi. Niliporuhusiwa kukimbia nilianza kwa kuchanganya dakika chache za kukimbia na chache za kutembea, nikiwa macho kwa dalili mbili nilizoelekezwa kliniki: mkojo kuchuruzika wakati wa kukimbia, na kuhisi uzito sehemu za chini kana kwamba kitu kinashuka. Dalili mojawapo ikitokea, mama anarudi kwenye kutembea na anakwenda kuonana na mhudumu wa afya. Baada ya mtoto wa pili nilirudi kwenye kutembea kwa wiki kadhaa kwa sababu hiyo. Nalisema hili waziwazi kwa kuwa wanawake wengi wanaona haya kulitaja, wakaacha kukimbia kabisa au wakaendelea kuumia kimya kimya, ilhali ni tatizo linalotibika.

Kunyonyesha nako kuna hesabu yake. Mama anayenyonyesha huhitaji takribani kalori 500 za ziada kwa siku, na akiongeza mazoezi juu yake, chakula cha kawaida hakitoshi. Nilikuwa nakunywa uji wa ulezi wenye karanga kabla na baada ya kukimbia, na jioni nikihakikisha kuna mboga za majani, maharage au dagaa, kwa sababu damu iliyopungua humchosha mkimbiaji kuliko mlima wowote. Vidonge vya FEFO, vile vya kuongeza damu tunavyopewa kliniki wakati wa ujauzito nilivimeza vyote, ingawa najua wengine huvificha kabatini kwa sababu vinafunga choo. Na nilinyonyesha kwanza ndipo nikatoka, kwa faida ya mtoto na yangu pia, kwani kukimbia na matiti yaliyojaa ni mateso.

Mama mkwe wangu alikuwa na wasiwasi mkubwa juu ya jambo hili. Alikuja kutulea baada ya uzazi wa pili, na aliponiona nimevaa raba alfajiri aliniambia, "Mwanangu, maziwa ya mtu aliyekimbia yamechemka. Mtoto ataharisha." Sikubishana naye, kwa kuwa hofu yake ilitokana na upendo na yeye amelea watoto wengi kuliko mimi. Siku ya kliniki ya kupima uzito nilimwomba tuongozane, akamuuliza nesi mwenyewe kwa lugha yake, naye akajibiwa kwamba mazoezi ya kiasi hayaharibu maziwa wala hayayapunguzi, mradi mama anakula na kunywa maji ya kutosha. Kadi ya mtoto ilionyesha anaongezeka vizuri. Tangu hapo yeye ndiye aliyeniwekea uji kwenye chupa ya chai nikirudi.

Sasa nirudi kwenye Jumamosi. Mimi na mume wangu tulikaa tukakubaliana kwamba asubuhi ya Jumamosi watoto ni wake hadi saa nne: kuwaamsha, kuwanywesha uji, kuwaogesha, kumpeleka mkubwa kwenye mafundisho. Jumapili baada ya ibada ni zamu yangu, naye huenda shambani Mabogini au kukaa na wenzake kutazama mpira, na hapaswi kuniomba radhi kwa hilo wala kuwahi kurudi. Naamini usawa huu ndio uliofanya mpango udumu. Mke anayekimbia kwa hisani ya mumewe ataombwa aache siku ya kwanza kazi za nyumbani zikizidi. Lakini pale kila mmoja anapokuwa na muda wake unaojulikana, kuuondoa wa mmoja ni kuugusa na wa mwingine. Tulikubaliana pia kwamba nikirudi Jumamosi sina ruhusa ya kulala hadi baada ya chakula cha mchana. Sharti hilo nililiweka mwenyewe, nalo ndilo linaloamua nikimbie umbali gani na kwa kasi gani: nikiona sitaweza kusimama jikoni baadaye, napunguza.

Kuna mtu mwingine katika nyumba zetu ambaye husahaulika katika mipango ya namna hii, naye ni dada wa kazi. Ni rahisi mno kwa mama kutoka alfajiri na kumwachia dada mtoto anayelia, kisha akasema kwamba mazoezi yake hayamgharimu mtu. Yanamgharimu dada usingizi wake. Nyumbani kwetu dada ana saa yake ya kuamka, na saa hiyo haibadiliki kwa sababu mimi nina mbio Februari. Mtoto akiamka nikiwa barabarani, baba yake ndiye anayeamka.

Mwezi wa Desemba una mambo yake. Ndugu wanarudi kutoka Dar es Salaam na kwingineko kwa ajili ya Krismasi, sebule inageuka chumba cha kulala, na kila siku kuna nyumba ya kwenda au wageni wa kupokea, wakati huohuo mkimbiaji wa Februari anatakiwa awe anaongeza umbali. Sioni sababu ya kushindana na Desemba. Ninachofanya ni kuunganisha safari na mazoezi: siku tunayokwenda kwa wakwe Uru, familia hupanda gari na nguo zangu za kubadilisha, nami nakuwa nimetangulia kwa miguu. Nafika, naoga, naamkia wazee, nashika kisu namenya ndizi na wifi zangu. Safari ndefu ya wiki imekamilika na hakuna sherehe niliyoikosa. Siku nyingine za mwezi huo nakimbia nusu saa tu, au sikimbii, na bado Januari nimekuwa nikiendelea vizuri.

Usalama wa barabarani umekuwa na uzito kwangu tangu nilipoanza kuwa na watu wanaonitegemea. Moshi hukucha takribani saa kumi na mbili na nusu, na Januari na Februari joto hupanda mapema kiasi kwamba hakuna budi kuanza gizani. Siendi peke yangu. Tuko watatu, wanawake wa mtaa mmoja, tunavaa fulana zinazong'aa kwa mwanga, tunakimbia upande unaotukabilisha na magari, na mmoja hubeba simu. Kundi hili limenisaidia pia katika malezi, maana dakika arobaini za kukimbia na mwenzako aliyewahi kumpitisha mtoto kwenye degedege au kwenye kukataa shule zina faida ambayo siwezi kuipata kwingine.

Kuhusu viatu sitasema mengi. Raba zangu nyingi nimezipata mitumbani, soko la Memorial, na ninachoangalia ni kisigino kisicholika upande mmoja na soli inayorudi ukiibonyeza kwa kidole gumba. Ada ya mbio tunaiandika kwenye bajeti ya nyumba mapema kama ada nyingine, ili isije ikaonekana imechomolewa kwenye sare za watoto.

Watu huniuliza pia kwa nini sikimbii marathoni kamili, kilomita 42.195, ilhali nimezoea. Jibu langu linatokana na kanuni ileile. Nusu marathoni naweza kujiandaa kwa safari ndefu ya saa mbili au zaidi kidogo, nikarudi nikiwa bado mama wa nyumba hiyo mchana. Maandalizi ya marathoni kamili yananitaka nikimbie saa tatu na zaidi, Jumamosi baada ya Jumamosi, na uchovu wake hauishi siku hiyo hiyo. Unaingia Jumapili, ambayo ni siku ya watoto na mimi. Mtoto mdogo bado anataka kubebwa mgongoni. Siuoni uamuzi huu kama kujinyima, kwa sababu kilomita 21 za Moshi, zenye kupanda kuelekea Mweka, zinatosha kumpa mtu yeyote mazoezi ya mwaka mzima. Nimekubaliana na mume wangu kwamba kitinda mimba akianza darasa la kwanza tutakaa tena, tuone kama nyumba inaweza kubeba msimu mmoja wa maandalizi ya namna hiyo, na yeye akapata kitu gani chenye ukubwa sawa.

Kwa mbio zijazo nimejiandikisha tena nusu marathoni. Mume wangu naye amejiandikisha kilomita tano pamoja na kifungua mimba, ambaye tangu mwaka jana amekuwa akituomba, na hilo limetulazimu kumtafuta mtu wa kukaa na wadogo wawili asubuhi hiyo. Shangazi yao anayeishi Majengo amekubali kuja tangu Jumamosi jioni, mradi akute chakula cha watoto kimeshapikwa.