Tangi lililopata kura mbili

Kikundi chetu cha upatu hapa Unguja kina wanawake 17. Mwezi uliopita tuligombana tununue nini: wanane walitaka viti vya kukodisha, saba cherehani, wawili tangi la maji. Kwa kunyoosha mikono, viti vingeshinda na tisa wangeondoka wamenuna.

Nikaomba tujaribu alama. Kila mmoja apange vyote vitatu: cha kwanza 3, cha pili 2, cha mwisho 1. Bi mkubwa wetu alihesabu kwa kokwa za ukwaju juu ya mkeka. Viti 34, cherehani 32, tangi 36! Wote 15 ambao hawakulichagua mwanzo walikuwa wameliweka la pili.

Nalipenda jambo hili kwa sababu nakumbuka 31 Julai 2010, Zanzibar ilipopiga kura ya maoni na asilimia 66.4 wakakubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Makamu wa Kwanza wa Rais akatoka chama kilichoshika nafasi ya pili. Kabla ya hapo kuna majirani hawakuzikana kwa sababu ya vyama. Lakini viongozi waligawana vyeo tu. Karatasi ya kura ilibaki ile ile, unachagua jina moja kwa tiki moja. Natamani nayo ibadilike.

Tangi limeshafika, la lita 1,000.