Mbwa kwa Masikio

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Neno la juma hili ni Mithali 26:17.

Daftari letu la maombi ya Jumatano lina mstari ambao haujafutwa tangu Aprili 2023, vita ilipoanza: Sudani. Mwanzoni tuliuombea kwa machozi. Siku hizi anayeongoza anausoma mbiombio kama matangazo ya michango, tunaitikia Amina, tunahamia kwa wagonjwa. Juma lililopita niliyeongoza ni mimi, kwa hiyo simsemi mtu.

Mithali inamfananisha mpita njia anayejiingiza katika ugomvi usio wake na mtu aliyemkamata mbwa masikio. Ukimwachia anakung'ata, ukimshikilia, safari yako imeishia hapo. Ndiyo maana mataifa mengi hutoa tamko na kupita. Wengine ni wabaya zaidi: wanajifanya kumshika huku wanamtupia nyama. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliiwekea Darfur, magharibi mwa Sudani, vikwazo vya silaha tangu 2004, na silaha bado zinaingia.

Lakini Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, walipata watu waliokubali kukaa na masikio ya mbwa mikononi. Vita ya Frelimo, chama kilichotawala, na waasi wa Renamo ilianza 1977 na inakadiriwa kuua watu milioni moja. Renamo yenyewe iliundwa na Rhodesia, kisha ikalishwa na makaburu wa Afrika Kusini. Julai 1990 pande mbili ziliketi Roma, katika nyumba iliyowahi kuwa ya watawa, wakapokewa na jumuiya ya waumini ya Sant'Egidio. Wapatanishi walikuwa wanne: Andrea Riccardi, padri kijana Matteo Zuppi, Askofu Mkuu Jaime Gonçalves wa Beira, na Mario Raffaelli kwa niaba ya serikali ya Italia. Hawakuwa na jeshi. Walikuwa na meza, na muda. Wakakaa zaidi ya miaka miwili, mpaka Rais Chissano na Dhlakama, kiongozi wa Renamo, walipotia saini tarehe 4 Oktoba 1992. (Sisi tusio Wakatoliki tunaweza kujifunza hapo bila kuona haya.)

Na saini haikuwa mwisho wa kazi. Umoja wa Mataifa ulipeleka askari wa kulinda amani, ukafungua mfuko wa kuisaidia Renamo igeuke chama cha siasa, na wapiganaji waliorudisha bunduki wakawa wanachukua posho benki, karibu na makwao. Mtu mwenye njaa humwambii arudishe bunduki akakuelewa. Ndiyo, 2013 risasi zililia tena kule, na Cabo Delgado ina vita yake tangu 2017. Hata hivyo, kuna watoto waliozaliwa, wakasoma, wakaoa katika ile miaka ya katikati.

Jumatano hii tukifika kwenye Sudani, tusikimbie. Tuitaje El Fasher ya Darfur, tuitaje Khartoum. Kisha tuwaombee wapatanishi wapewe makalio mazito ya kukaa mezani, na wale wanaopakia masanduku ya risasi kwenye ndege, ambao daftari letu halijawahi kuwaandika.